Anayeruka ni Farasi

Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi, wazazi na walimu wa upandaji farasi



Kuna swali wazazi huniuliza kuliko mengine yote. Mbona mtoto wangu hapewi farasi mmoja akamzoea? Leo kapanda huyu, wiki ijayo kapewa yule. Akianza tu kuelewana naye, anabadilishiwa. Wapo wanaodhani shule haina mpango, na wapo wanaokimbilia kununua farasi mapema ili mtoto atulie. Wasiwasi huo nauelewa, na mhadhara huu ndio jibu langu. Nasema kwamba kubadilisha farasi ni njia ya hakika kuliko zote ya kujifunza kuruka viunzi, kwa kuwa hakuna njia nyingine inayomwonyesha mwanafunzi lipi analijua yeye na lipi alikuwa akifanyiwa na farasi. Ila naweka sharti, na sharti hilo lina uzito sawa na hoja yenyewe: kubadilisha huko kuwe na mpangilio, na farasi asiachiwe peke yake kulipa gharama ya somo.

Nani anaruka?

Kwanza tuulizane: kiunzi kinaporukwa, nani anaruka? Kwa karne nyingi wapandaji wa Ulaya walipanda kana kwamba ni wao. Tazama michoro ya zamani ya wawindaji na wanajeshi wakivuka ua au ukuta: mpandaji kalala nyuma, miguu kaitupa mbele, hatamu kazivuta. Aliamini kwamba anamnyanyua farasi na kuipunguzia mzigo miguu ya mbele wakati wa kutua. Kumbe alikuwa akimwelemea kiunoni na kumkaba mdomoni kwa lijamu, tena katika nukta ileile ambayo mnyama huhitaji mgongo na shingo yake kuliko wakati wowote mwingine.

Aliyeupindua mtindo huo ni ofisa wa kikosi cha farasi cha Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa Livorno mwaka 1868 na kufundisha katika shule za kijeshi za Pinerolo na Tor di Quinto. Caprilli aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni. Akaona kwamba farasi aliye huru hunyoosha shingo mbele na chini, mgongo wake huviringika juu ya kiunzi, naye hutua kwa miguu ya mbele, mmoja ukitangulia. Hakuna mahali popote katika mruko huo panapohitaji kuvutwa. Basi akavifupisha vikuku vya kukanyagia, akausogeza mwili wa mpandaji mbele, akataka mikono iufuate mdomo wa farasi popote uendako. Mwaka 1902, mjini Turin, aliruka kimo cha mita 2.08. Alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka kwa farasi, akiwa na umri wa miaka 39, na maandishi aliyoyaacha ni machache mno. Lakini maofisa wa nchi nyingine waliokwenda Italia kujifunza walirudi kwao na mtindo wake, na leo kila mwanafunzi anayeinuka kwenye tandiko na kwenda mbele pamoja na farasi wake ni mjukuu wa Caprilli katika fani hii.

Na jambo hili halikuwa geni kabisa duniani. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Xenophon, katika kitabu chake cha upandaji farasi, alikwisha kushauri kwamba farasi anaporuka mpandaji ashike manyoya ya shingo, ili asimsumbue kwa lijamu. Sisi nasi tunawaambia wanafunzi wetu hivyohivyo, au tunamfungia farasi ukanda shingoni wakashika huo.

Tukikubaliana kwamba anayeruka ni farasi, mpandaji anabakiwa na kazi nne: kumlenga, kumpa mwendo, kumtunzia mizani, na kutomsumbua. Kuzitaja ni rahisi. Ugumu ni kwamba kila farasi husumbuliwa na kitu chake, na hapo ndipo farasi wengi wanapohitajika.

Walimu wanne

Kwetu Kenya, farasi wengi wa mafunzo ni wastaafu wa mbio za Ngong, na hukaa banda moja na poni na farasi wa mchanganyiko. Nitawaeleza wanne wa aina ambazo kila mwalimu aliyeketi hapa anazijua.

Wa kwanza ni mzee mtulivu. Kiunzi chake ni fito mbili zilizopishana, sentimita 50 hapo katikati. Anakwenda mwendo wa matiti, masikio yamelegea. Mwanafunzi akimtazama kichogo, au akiinamia fito kwa macho, mzee hupunguza mwendo, hufika, husimama, hunusa mti. Hakugoma, hakuambiwa kitu. Sasa mwanafunzi yuleyule arudi, ambane kwa vigimbi hatua tatu kabla ya kiunzi kisha alegeze, na macho ayapeleke kwenye mti ulio ng'ambo ya uwanja. Mzee anaruka. Kwa farasi huyu mtu hujifunza mguu unaosema neno moja ukalimaliza, na jicho linalotangulia.

Wa pili ni farasi jike aliyestaafu mbio. Huyu hangoji kuambiwa aende. Akikiona kiunzi tu anakaza, na mwanafunzi aliyetoka kwa mzee hufanya kile ambacho mwili wa binadamu hukitaka wenyewe: huvuta. Hapo ndipo farasi anapozidisha mwendo. Enzi za mbio alizoea kwenda shoti akiegemea lijamu, na mkono unaovuta bila kuachia ni kitu cha kuegemea. Dawa yake ni mduara wa mita 20, pumzi ndefu, mkono unaoshika na kuachia, na fito chache zilizolazwa chini kabla ya kiunzi ili apate la kufikiria miguuni mwake. Nimeona watoto wakilizwa na farasi wa namna hii kabla ya kumpenda. Wakishuka wanajua kwamba utulivu hautolewi kwa nguvu za mkono.

Wa tatu ni poni, na yeye hufundisha hesabu. Farasi wa kimo cha kawaida akiwa katika mbio za taratibu, zile zenye mapigo matatu, hatua yake moja hufunika kama mita 3.6. Ndiyo maana viunzi viwili vyenye hatua moja katikati huwekwa umbali wa kama mita 7.2 hadi 7.5: nafasi ya kutua, hatua moja, nafasi ya kujiandaa kuruka tena. Poni mwenye hatua ya mita 3 akiingia hapo hafiki. Ama atie hatua mbili fupi, ama arukie mbali na kubomoa kiunzi cha pili. Mwanafunzi ambaye siku zote farasi mkubwa alimfanyia hesabu hiyo sasa analazimika kuhesabu kwa sauti: tua, moja, mbili, ruka. Na ikimbidi kuchagua, achague mapema, kabla ya kiunzi cha kwanza, maana akishatua muda wa kuchagua umekwisha.

Wa nne ana mruko mkubwa. Kiunzi cha sentimita 70 anakiruka kama vile kimefika mita moja, na mwanafunzi asiyeshika ukanda wa shingoni huachwa nyuma. Mwili unarudi kwenye tandiko kwa kishindo, mikono inapaa, lijamu linampiga farasi mdomoni akiwa bado hewani. Mara ya kwanza farasi mkarimu husamehe. Ikirudiwa, anaanza kusitasita, kisha anagoma. Nawaomba walimu mlishike hili, kwa sababu ndilo tunalolikosea zaidi: mara nyingi farasi aliyegoma hakukataa kiunzi, amekataa maumivu anayoyatarajia akiwa juu yake. Kumchapa kunayathibitisha matarajio hayo. Tena kumbukeni kwamba farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake na chini ya pua yake. Anapokifikia kiunzi kinampotea machoni, naye huruka kwa kutumia alichokwisha kukiona. Mpandaji anayembana kichwa katika hatua za mwisho anamnyang'anya nafasi ya kukipima.

Kosa linalokufuata

Sasa nije kwenye kiini cha hoja. Mpe mwanafunzi mmoja tu kati ya hawa wanne, mwaka mzima. Atajifunza, lakini atakachojifunza ni farasi yule. Na farasi ni hodari wa kuzoea. Akigundua kwamba mtu wake huegemea upande mmoja, hujipanga kuufidia. Akigundua kwamba mtu wake huchelewa kuamua, huamua mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa wanaruka vizuri wote wawili, na hakuna anayeweza kusema, hata mwalimu aliyesimama katikati ya uwanja, ni nani anayefanya nini.

Mbadilishieni. Tuseme juu ya farasi mpya anapinda kushoto kila akikaribia kiunzi. Atasema, huyu ana tabia ya kupinda kushoto. Inawezekana. Apande wa pili: naye anapinda kushoto. Wa tatu, vilevile. Hapa hapana tena pa kujificha, kwa sababu farasi watatu wasiofanana hawakai kikao wakakubaliana kosa moja. Nendeni mkatazame mguu wa kulia wa mpandaji. Mtaukuta unabana zaidi ya mwenzake, na farasi kwa utii wao wanaukimbia kwenda kushoto. Kosa linalobaki hata farasi akibadilika ni la mpandaji. Linaloondoka na farasi ni la farasi. Sijui kitabu wala video inayoweza kutenganisha mambo hayo mawili kwa usafi kiasi hicho.

Na uwezo nao hupimwa kwa njia hiyohiyo. Mkono uliomtuliza farasi jike mwenye pupa, ukamfaa mzee asiye na haraka, ukamwachia shingo yule mwenye mruko mkubwa, huo ndio mkono unaojua kazi.

Ushahidi wa mashindano

Wamarekani wamejenga mashindano mazima juu ya wazo hili. Mwaka 1967 Bob Cacchione, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fairleigh Dickinson, alianzisha chama cha mashindano baina ya vyuo, Intercollegiate Horse Shows Association. Mshindani haji na farasi wake. Chuo mwenyeji hutoa farasi, kura hupigwa, na kila mmoja hupanda aliyemwangukia, karibu bila nafasi yoyote ya kumzoea. Kabla ya hapo farasi hupashwa mwili moto na wapandaji wengine, na washindani husimama ukingoni wakitazama kwa makini: yule anaikwepa kona ile, huyu anataka mkono mwepesi, wa kule anahitaji mguu. Majaji huangalia upandaji, kwa hiyo pesa za kununulia farasi hazimpi mtu pointi. Katika chama kingine cha vyuo vya huko, National Collegiate Equestrian Association, wapandaji wawili, mmoja kutoka kila timu, hupanda farasi yuleyule kwa zamu baada ya dakika 4 za kuzoeana naye, na aliyempanda vizuri zaidi ndiye hupata alama.

Hata kileleni mwa mchezo huu wazo hilo lilitumika. Mashindano ya Dunia ya kuruka viunzi yalianza Paris mwaka 1953, na kwa miaka mingi bingwa alipatikana kwa wapandaji 4 bora kubadilishana farasi: kila mmoja alipanda wake, kisha wa wenzake watatu. Mwaka 1986, mjini Aachen, Gail Greenough wa Kanada aliwapanda wote wanne bila kosa hata moja, akawa mwanamke wa kwanza kulitwaa taji hilo lililoshindaniwa na wanaume na wanawake pamoja. Utaratibu huo ulitumika kwa mara ya mwisho mwaka 2014, huko Caen, Ufaransa.

Tutazame pia mahali wazo hilohilo lilipoharibika. Katika pentathloni ya kisasa, washindani walipewa farasi kwa kura na dakika 20 za kuzoeana, kisha wakaingia kuruka viunzi vya kimo cha hadi sentimita 120. Tarehe 6 Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Annika Schleu wa Ujerumani aliingia uwanjani akiongoza. Kura ilimpa farasi aitwaye Saint Boy, ambaye siku hiyohiyo alikuwa amekwisha kugoma chini ya mshindani mwingine. Farasi akakataa. Dunia ikamwona mpandaji akilia, hatamu zimekazwa, mjeledi unapiga. Na kocha wake akampiga farasi kwa ngumi, kosa lililomfanya aondolewe katika michezo iliyobaki. Schleu akaporomoka hadi nafasi ya 31. Shirikisho la mchezo huo likaamua kuuondoa upandaji, na Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 ikawa ya mwisho kuwa na farasi katika pentathloni. 

Vyuoni kuna kura, na Tokyo kulikuwa na kura. Tofauti iko wapi? Vyuoni kimo hufuata ngazi ya mpandaji, na walioanza juzi hawaruki kabisa. Kinachopimwa ni jinsi mtu alivyompanda farasi. Tokyo kimo kilikuwa kilekile kwa wote, medali ilingoja saa na fito, na farasi aliyekwisha kuvurugika alirudishwa uwanjani chini ya mtu mwingine asiyemjua. Kumpa mtu farasi mgeni ni somo pale anapoulizwa, je, unaweza kumsikiliza? Anapoulizwa, je, unaweza kumlazimisha, farasi, aliye mwalimu, amegeuzwa kuwa chombo.

Anayelipa

Hapa ndipo sharti langu linapokuja. Farasi hujifunza kwa kuachiwa. Mguu unambana, anakwenda, mguu unalegea papo hapo: ameelewa kwamba kwenda ndilo lilikuwa jibu. Mguu usipolegea, kwake hakuna jibu lililo sahihi, na baada ya muda huacha kulitafuta. Tunapenda kusema farasi wa shule ni wazito, wana midomo migumu. Hawakuzaliwa hivyo. Kila mkono usiojua kuachia umewafundisha kutosikia. Tunambadilishia mwanafunzi farasi ili aelimike. Farasi naye anabadilishiwa wanafunzi, saa baada ya saa, na huko kubadilishiwa kunaweza kumwondolea elimu aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne, na nayatoa kwa walimu, wazazi na wenye shule kwa pamoja.

La kwanza, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Farasi mpya, kimo cha zamani. Kimo kipya, farasi wa zamani. Mwalimu anayebadilisha vyote viwili siku moja ameipiga kura ya Tokyo katika uwanja wake mwenyewe.

La pili, somo lianzie bandani. Saisi aliyemlisha farasi alfajiri anajua mguu upi umekakamaa, kama amekula vizuri, na kitu gani kilimshtua jana. Mwanafunzi amsalimu kwa heshima na kumuuliza: mzee, huyu leo kaamkaje? Majibu ayapate kabla hajagusa tandiko. Kwenye mabanda yetu elimu hiyo iko kwa Kiswahili, midomoni mwa watu ambao mara nyingi hatuwaaliki kusema. Shule inayowalipa masaisi kufagia tu na isiwaulize kitu inatupa nusu ya elimu yake.

La tatu, farasi arudishiwe anachopoteza. Kila farasi anayebeba wanafunzi wachanga apate siku za kupandwa na mpandaji hodari, wa kumkumbusha kwamba mguu mwepesi una maana na mkono huachia. Idadi ya miruko yake kwa siku iwekewe mpaka. Meno, mgongo na tandiko vikaguliwe kwa ratiba, na farasi aliyeanza kugoma apimwe mwili kabla ya kuitwa mkaidi.

La nne, wanafunzi wasipandishwe kimo kwa sababu wamekiruka juu ya farasi mmoja. Wapandishwe wakishakiruka kwa utulivu juu ya farasi watatu wasiofanana. Kila mmoja awe na daftari, na kwa kila farasi aandike: alitaka nini, nini kilimsumbua, mimi nilibadilisha nini. Mzazi anayefikiria kununua farasi asome kwanza daftari hilo. Likiwa limejaa lawama kwa farasi, wakati bado. Likianza kujaa yale ambayo mtoto aliyabadilisha yeye, basi farasi atakayenunuliwa atakuwa salama mikononi mwake.

Wahenga walituachia neno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgongoni mwa farasi wa mafunzo sote ni wageni, tena wageni wa saa moja, na tukishashuka anamngoja mwingine. Basi shule inayotaka kujua kama inafundisha kuruka isiishie kupima kimo cha viunzi. Impandishe mwanafunzi wa pili juu ya farasi aliyetoka kupandwa na wa kwanza, iangalie kama farasi yule bado anasikia mguu, bado anauamini mkono, bado anakwenda kwenye kiunzi kwa hiari yake. Mwanafunzi aliyemwacha farasi katika hali hiyo amejifunza kuruka, hata kama kiunzi chake bado ni sentimita 50. Huyo ndiye wa kupandishwa.